Usiku wa Saa Tisa Alasiri

Usiku umekwenda na Brutus hajapata usingizi. Anatoka bustanini, anatazama juu, analalamika kwamba nyota hazimwambii kumebaki kiasi gani kupambazuke. Anamwita kijana wake, Lucius, amwashie mshumaa katika chumba cha kusomea. Kijana anarudi na barua aliyoiokota dirishani. Brutus anaifungua pale pale nje na kuisoma kwa mwanga wa vimondo vinavyopita angani. Kisha mlango unabishwa, wanaingia wanaume waliojificha nyuso kwa kofia na majoho, na mpango wa kumuua Kaizari unaanza kusukwa. Hawajaagana bado, saa inagonga. Ni saa tisa ya usiku.

Onyesho hilo lichukue sasa ulirudishe London, mwaka 1599, ng'ambo ya mto Thames, ndani ya jengo la Globe. Jengo lenyewe ni la mbao, la mviringo, na katikati halina paa. Michezo yake ilianza mnamo saa nane mchana. Tendo la pili la Juliasi Kaizari halichukui muda kufika, kwa hiyo ile saa ya usiku iligonga tisa wakati jua la mchana nalo likikaribia tisa. Watu waliobanana uani walikuwa wanaona vizuri kabisa: rangi ya majoho, jasho la mwigizaji, chawa wa jirani. Nao wakakubali kwamba ni giza.

Mswisi mmoja, Thomas Platter, alikuwapo. Aliandika kwamba tarehe 21 Septemba 1599, baada ya chakula cha mchana, yeye na wenzake walivuka mto, na katika nyumba iliyoezekwa kwa nyasi wakatazama habari za Kaizari zikiigizwa vizuri sana na watu kama 15. Wataalamu wengi wanaamini aliyoiona ni Globe na tamthilia ni hii ya Shakespeare. Platter anaongeza kwamba mchezo ulipokwisha waigizaji walicheza ngoma, wawili wamevaa kiume na wawili kike. Kaizari amekufa, Brutus amekufa, Cassius amekufa, halafu ngoma. Mbena wa huku kwetu Njombe aliyezoea matanga hawezi kushangazwa na hilo.

Hapa Uwemba, nje ya mji wa Njombe, mchana wa Julai unaweza kufunikwa na ukungu mpaka usione mnara wa kanisa la misheni ya Wabenediktini. Siku kama hizo kuigiza usiku wa Rumi si kazi. Kazi ni siku za Oktoba, jua linawaka juu ya matuta ya viazi, anga halina hata wingu, na wewe unataka watu mia tatu waliokaa kwenye mabenchi waamini kwamba Brutus haoni mbele. Hapo ndipo ninapozidi kumheshimu mtunzi, kwa sababu ukiyatazama maneno yake kwa subira unaona hakuna hata moja lililokaa bure.

Chukua ule mshumaa. Kwenye majukwaa ya zama zile mshumaa uliowashwa haukumulika chochote, kazi yake ilikuwa kutangaza usiku. Mtu akiingia nao, hadhira nzima ilijua hakujakucha. Shakespeare anautumia mara mbili katika tamthilia hii. Mara ya kwanza anauweka nje ya macho yetu, chumbani, anatufanya tusikie tu kwamba umeagizwa. Mara ya pili ni katika tendo la nne, hemani, Lucius amesinzia juu ya chombo chake cha muziki na Brutus anakiondoa taratibu kisije kikavunjika. Anashika kitabu asome, mshumaa unafifia, na mzuka wa Kaizari umesimama pale. Mwanga wa mshumaa kufifia saa kumi za mchana! Hakuna jicho lililoweza kuuona ukififia. Brutus ndiye aliyesema unafifia, na watu wakaingiwa na baridi.

Lakini ninalolipenda kuliko yote ni ugomvi wa mashariki. Waliokula njama wamekwisha kuingia bustanini. Cassius anamvuta Brutus pembeni, wananong'ona. Sisi hatusikii wanachosema. Mwandishi mwingine angewaacha wale wengine wasimame kama miti ya misonobari wakisubiri. Shakespeare anawapa neno. Decius anauliza kama siyo huku jua linakochomozea. Casca anakataa. Cinna anaonyesha weupe kwenye kingo za mawingu. Casca anachomoa upanga, anauelekeza, anawaambia wote wawili wamekosea, na anaeleza jinsi jua la majira haya linavyoelemea kusini na litakavyohamia kaskazini baada ya miezi miwili. Mistari michache tu, basi, Brutus anarudi na kuomba mikono yao.

Hebu hesabu kazi zilizofanywa na mistari hiyo. Inafunika mnong'ono. Inasogeza usiku ukaribie alfajiri bila mtu kubadilisha taa. Inawafanya watu walio juani watafute kwa macho jua ambalo halijatoka. Inamwelekeza mkulima yeyote anayejua kwamba jua husafiri kati ya kaskazini na kusini, na hapa kwetu kila anayepanda viazi anajua, amwamini Casca kuwa ni mtu halisi mwenye macho yake. Na chini ya yote hayo kuna jambo ambalo halikutajwa kabisa: watu hawa wako tayari kuipindua dola, na hawajakubaliana hata jua linatokea wapi. Upanga uliochomolewa kuonyesha mashariki ndio utakaomchoma Kaizari siku hiyo hiyo.

Ufundi wa namna hiyo ulizaliwa na uhaba. Jengo la kwanza kubwa la kudumu la michezo pale London, lililoitwa The Theatre, James Burbage alilijenga mwaka 1576. Ardhi ilipoleta mgogoro, wanawe na waigizaji wao walilibomoa mwishoni mwa 1598, na mbao zake zikawa Globe. Kusimama uani kulilipiwa peni moja, wakati fundi wa mjini alipata kama peni 12 kwa siku. Kwa bei hiyo watu walirudi mara kwa mara, na waliorudi walitaka mchezo mpya. Kampuni moja ingeweza kucheza mchezo tofauti karibu kila siku ya juma. Mandhari ya kupakwa rangi ingechorwa lini? Pesa iliyokuwapo iliingia kwenye mavazi na kwa mwandishi.

Hata karatasi ilikuwa ghali. Mwigizaji hakupewa kitabu kizima. Alipewa msokoto wenye maneno yake peke yake, na kabla ya kila neno lake maneno mawili matatu ya mwisho ya mwenzake, ili ajue lini aingie. Msokoto mmoja wa aina hiyo, wa mwigizaji maarufu Edward Alleyn, umehifadhiwa mpaka leo katika chuo cha Dulwich, London. Faida yake haikuwa karatasi tu. Mwigizaji asiyejua mwenzake atasema nini analazimika kumsikiliza kweli. Mwalimu anayelipia kurasa mia na ishirini za fotokopi kule Njombe mjini ili kila mtoto awe na kitabu, na mwisho watoto wanasoma macho chini, anaweza kuupima utaratibu huo.

Mwaka 1642 Bunge lilifunga majumba ya michezo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuja, mfalme akakatwa kichwa, na kwa miaka 18 jukwaa likawa la kujificha. Mwaka 1660 Charles wa Pili alirudi kutoka uhamishoni, akatoa hati kwa watu wawili tu, Thomas Killigrew na William Davenant, kila mmoja awe na kampuni yake. Hapo zinaanza zama nyingine, na mtu aliyetoka Globe angeingia humo angepotea njia.

Kwanza kulikuwa na paa. Mishumaa ilining'inia juu ya jukwaa na juu ya watazamaji pia, kwa hiyo mtu alionekana alivyovaa sawasawa na mwigizaji. Samuel Pepys, mtumishi wa serikali aliyeacha shajara yenye habari nyingi za michezo, alilalamika kwamba mwanga wa mishumaa ile ulimuumiza macho. Pili, Davenant mwaka 1661 alileta mandhari ya kusogezwa: mbao kubwa zilizopakwa rangi, zikiteleza kwenye mifereji, chumba kikigeuka bustani mbele ya macho ya watu bila pazia kushuka. Tatu, na hili ndilo kubwa, tarehe 8 Desemba 1660 mwanamke aliingia jukwaani kama Desdemona wa Shakespeare. Kabla ya hapo nafasi zote za kike zilichezwa na wavulana. Portia wa Mabepari wa Venisi, anayevaa kiume na kushinda kesi, alikuwa kwanza mvulana aliyejifanya mwanamke anayejifanya mwanamume. Shule zetu za wavulana bado zinafanya hivyo, na bado watu wanaangua kicheko pale pale. Baada ya 1660 wanawake walicheza, na haikupita miaka mingi wakaandika. The Rover ya Aphra Behn ilichezwa mwaka 1677, naye alikuwa akiishi kwa kalamu yake.

Kuna mazoea ya kuzichora zama hizi kama mchana na usiku. Si kweli sana. Kampuni ya Shakespeare yenyewe ilianza kutumia ukumbi wa ndani wa Blackfriars, wenye mishumaa, karibu mwaka 1609. Lakini waliucheza ukumbi ule kwa mikono ya Globe, maneno yakitangulia. Zama za Charles wa Pili zilijifunza kutegemea kitu kingine, na kitu hicho ni mlango.

Pembeni mwa jukwaa la zama hizo, mbele kabisa, kulikuwa na milango halisi ya mbao yenye bawaba. Mandhari zikibadilika nyuma, milango ilibaki. Waandishi wakaifanyia kazi kama seremala anavyofanyia kazi ubao mmoja mzuri. The Country Wife ya William Wycherley, mwaka 1675, ina bwana aitwaye Horner aliyeeneza uvumi kwamba hana tena uwezo wa kiume, ili waume wa mjini wamwachie wake zao bila wasiwasi. Mke wa bwana mkubwa mmoja anaingia chumba cha ndani cha Horner, eti kuchagua vyombo vya udongo wa Kichina. Mlango unafungwa. Horner naye anaingia kwa mlango mwingine. Mume yuko nje, mbele yetu, anacheka na kumtania mkewe kupitia mlango uliofungwa. Mama anatoka baadaye ameshika chombo mkononi, amechoka, anaeleza alivyohangaika kukipata. Mwanamke mwingine anadai naye apewe chake. Horner anaapa kwamba kwa leo hakikubaki hata kimoja.

Hakuna neno hata moja chafu. Aliyekulia kwenye taarabu na maandishi ya kanga hahitaji kufafanuliwa. Ufundi uko katika mpangilio: mume asimame upande gani, acheke kwa muda gani, mlango ufunguke lini. Uvute sekunde tano, mume anakuwa mjinga asiyeaminika. Ukate sekunde tano, hadhira haijapata nafasi ya kuelewa. Shakespeare hakuhitaji saa ya namna hiyo. Sitashauri tamthilia hii ichezwe kwenye mahafali ya shule ya misheni, na padri Jeremy Collier wa Kanisa la Uingereza aliyezishambulia tamthilia za aina hii kwa kitabu kizima mwaka 1698 angeniunga mkono. Ila kama fundi ningempa Wycherley mkono wangu.

William Congreve alikwenda mbali zaidi mwaka 1700, katika The Way of the World. Mirabell na Millamant wanapendana, wanakaa wapange ndoa. Hakuna mshenga, hakuna wazee. Kila mmoja anataja masharti yake: Millamant anataka asubuhi zake, barua zake zisiulizwe, meza yake ya chai isiguswe; Mirabell naye anataja anayokataza, kidogo kidogo, kama wanasheria wawili. Wanaongea habari za vijikombe na vinyago vya uso, na kila sentensi inamaanisha kwamba wanaogopa kupoteza walicho nacho. Onyesho zima halina kitendo, na hakuna anayepiga miayo.

Hata hivyo zama zile zililipa gharama. Kiti cha bei ya chini kabisa, juu kwenye roshani, kilikuwa shilingi moja, yaani peni 12, mara kumi na mbili ya uwanja wa Globe. Mwaka 1682 kampuni mbili zililazimika kuungana kuwa moja kwa sababu London yote haikutoa watazamaji wa kutosha. Na kwa kuwa sasa kulikuwa na mbao za kuchora na mashine za kuinua watu, waliona maneno ya zamani yamezidi. Davenant na John Dryden waliichukua Tufani ya Shakespeare mwaka 1667 wakamwongezea Miranda dada, na kijana ambaye hajawahi kuona mwanamke, ili pande mbili zilingane. Nahum Tate mwaka 1681 alimwokoa Mfalme Lear asife, akamwoza Cordelia, akamfuta mchekeshaji. Watu walipenda. Lear huyo wa Tate alishika jukwaa mpaka 1838. Ukishaweza kuonyesha dhoruba kwa mashine, mistari inayoibeba dhoruba inaonekana mirefu.

Jambo la kufurahisha ni kwamba sisi tulipochagua, tulichagua mchana. Mwalimu Nyerere, akiwa kiongozi wa nchi, alitafsiri Juliasi Kaizari, ikatoka mara ya kwanza mwaka 1963. Hakuridhika. Akairudia, akaipiga msasa, toleo jipya likatoka 1969. Hakuifunga kwa vina. Aliacha mstari uende na pumzi ya msemaji. Mwaka huo huo wa 1969 ikatoka Mabepari wa Venisi yake, na Tufani ya Samuel Mushi, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ametoa Makbeth. Na mwaka huo huo Ebrahim Hussein wa Kilwa akatoa Kinjeketile, tamthilia ya Vita vya Majimaji.

Naitaja Kinjeketile hapa kwa sababu inaonyesha ufundi ule ukiwa mikononi mwetu. Mto Rufiji hauwezi kuletwa jukwaani. Wanaouleta ni watu wanaosubiri ukingoni, wanaoogopa, wanaobishana kama mtu aliyezama atarudi. Huku Ubena tunayo sababu ya ziada ya kuisikiliza. Vita vya Majimaji vilifika mpaka Yakobi, hapa hapa Njombe, ambako kituo cha wamisionari wa Kilutheri kilishambuliwa mwaka 1905, na Wabena walikuwamo. Hussein anaandika habari za maji ambayo nguvu yake ilikuwa katika neno lililosemwa juu yake, na anaziandika kwa jukwaa ambalo nalo halina nguvu nyingine.

Na Kiswahili kimekwisha kurudi Globe. Jengo lilijengwa upya karibu na mahali pake pa zamani, kwa juhudi za Sam Wanamaker, mwigizaji wa Marekani, likafunguliwa mwaka 1997. Mwaka 2012 lilikaribisha tamthilia 37 za Shakespeare kwa lugha 37, na wasanii kutoka Kenya walicheza The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili, chini ya anga la wazi. Baadaye, Januari 2014, pembeni yake ulifunguliwa ukumbi mdogo unaowashwa mishumaa. Siku hizi mtu anaweza kuyaonja mazingira yote mawili katika eneo moja, uani kwanza, mishumaani baadaye.

Nimetazama maigizo mengi ya mahafali huku. Karibu yote yanachezwa bwaloni, mashuka yameshonwa kuwa mapazia, madirisha yamezibwa, spika mbili zimekodiwa. Watoto wanahangaika na pazia linalokwama, kipaza sauti kinapiga kelele, umeme ukikatika mchezo unasimama. Tunaiga zama za Charles wa Pili bila mashine zake na bila mishumaa yake. Kwa maoni yangu tumechagua zama ngumu zaidi kwetu, na tumeziacha zile ambazo hali yetu inaziweza kuliko London yenyewe.

Mwalimu wa Kiswahili au wa sanaa unayesoma haya, safari hii watoe nje. Chukua tendo la pili la Juliasi Kaizari, onyesho la kwanza peke yake, mwandikie kila mwanafunzi maneno yake kwenye karatasi moja, na maneno matatu ya mwenzake. Anza saa tisa kasoro robo, juani, bila pazia na bila spika. Mpe Lucius mshumaa. Na usikate ugomvi wa mashariki hata kama muda ni mfupi.